Neno la Daktari wa Familia

Ukitaka kumkasirisha Dokta Mdogo, muulize swali moja tu: "Daktari wa familia? Familia ya nani?" Ameulizwa hivyo na wagonjwa, ameulizwa na mlinzi wa getini, ameulizwa hata na mwenye nyumba wake, aliyedhani kuna tajiri mahali fulani anayemlipa mshahara akae tu na kuwapima watoto wake mafua. Mwanzoni alikuwa akieleza. Kwamba huo ni ubingwa kamili, na kwamba mtu anausomea akiwa tayari ni daktari. Kwamba daktari wa familia ndiye anayemjua mgonjwa tangu utosini hadi unyayoni, na ndiye anayemfungulia mlango wa kwenda kwa mabingwa wengine. Watu walimsikiliza wakiitikia kwa vichwa, halafu wakamwuliza kama basi anaweza kuwaandikia dawa ya minyoo. Siku hizi haelezi. Anajibu "Familia yoyote," anaendelea na kazi.

Hilo jina la Dokta Mdogo alipewa na wauguzi wa kituo cha afya alikopangiwa mafunzo, maana Dokta Mkubwa alikuwapo tayari. Huyo ni msimamizi wake, mtu wa tai na miwani ya kamba, ambaye hata akisalimia anatazama saa. Baadaye jina likahamia mpaka nyumbani kwa mjomba wake. Nani alilipeleka, hakuna ajuaye, majina ya namna hiyo hayaombi nauli.

Basi kila Alhamisi wanagenzi wa tiba ya familia hukusanyika kwenye chumba cha mikutano, chini ya feni inayolalamika kuliko wagonjwa, wafundishwe. Alhamisi moja alikuja mtafiti, binti mpole mwenye kitambulisho shingoni, akawagawia dodoso. Alitaka kujua wanazionaje tiba mpya za seli na tishu, zile ambazo chembe hai za mtu huchukuliwa, zikakuzwa maabara, kisha zikarudishwa mwilini kuziba palipoharibika. Swali la kwanza: unazifahamu kwa kiasi gani? Moja ni sijui kabisa, tano ni nafahamu vizuri sana.

Chumba kilinyamaza kama chumba cha mtihani. Mwenzao mmoja waliyemwita Mrefu, ambaye alikuwa mfupi, akainama upande wa Dokta Mdogo.

"Umeweka ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi tatu."

Bi Harusi, aliyeolewa katikati ya masomo na jina likamganda, alikuwa ameshazungushia tatu kutoka juu mpaka chini bila kusoma maswali. Tatu ni namba tamu. Haikuaibishi, wala haikubebeshi mzigo, na mtu akija kukuuliza baadaye unaweza kukimbilia upande wowote. Swali la mwisho lilisema: mgonjwa wako akikuuliza habari za tiba hizi, utafanya nini? Wote wakaandika kwamba watampa rufaa.

"Rufaa kwenda kwa nani?" mtafiti akauliza, kwa upole wake ule ule.

Mrefu akasema, "Kwa anayejua," chumba kizima kikacheka, na mtafiti naye akacheka, ikapita. Dokta Mdogo alicheka kuliko wote. Alikuja kukikumbuka kicheko hicho vibaya sana.

Mjomba wake, kaka wa mama yake na ndiye aliyemlea tangu anaanza shule, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa, na hilo "alikuwa" ndilo lililokuwa likimmaliza. Siku moja lori lilikataa kuwaka, akafungua boneti alishtue, betri ikamlipukia usoni. Maji yake yakaingia jicho la kulia. Jicho lilibaki mahali pake, ila lilifunikwa na utando mweupe uliotambaliwa na mishipa, kama kioo cha bafuni kilichopigwa na mvuke. Na kwa jicho moja hakuna atakayekupa leseni ya gari kubwa. Tajiri wake, mtu mwenye utu, alimwekea kiti: lori likaendeshwa na dereva wa muda, Mjomba akipona arudi. Lakini alisema wazi kwamba hawezi kungoja mpaka kiama. Kwa hiyo kila asubuhi Mjomba alikuwa akienda gereji kuliosha lori ambalo haliendeshi, kusudi lisimsahau. Simu aliiacha nyumbani isije ikalowa.

Jumapili iliyofuata baada ya dodoso, Dokta Mdogo alikwenda kuwasalimia, akakuta sebuleni kumechafuka.

"Afadhali umekuja," alisema mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba wake, ambaye yeye humwita mama. "Hebu msikie mjomba wako anataka kufanya nini na jicho lililobaki."

"Si mimi ninayetaka, ni daktari wa macho wa hospitali kubwa," alisema Mjomba. "Mpwa wangu, kaa nikueleze. Wanachukua kipande kutoka jicho zima. Kidogo, nusu ya punje ya mchele. Wanachukua pembeni, pale weusi unapokutana na weupe. Wanakwenda kukikuza maabara, kama mtu anavyootesha miche. Kikishakua wanakipandikiza kwenye hili bovu, na ule utando haurudi tena."

"Uliona wapi mche wa jicho?" mkaza mjomba akamkata. "Mtu ana jicho moja zima, wao wanalifuata hilo hilo na wembe! Wakiliharibu je? Nitamshika mkono mpaka chooni?"

"Hawaliharibu."

"Umejuaje? Uliwahi kuotesha macho?"

Kisha wote wawili, kana kwamba wamepeana ishara, wakamgeukia Dokta Mdogo.

"Wewe ndiye daktari wetu," alisema Mjomba. "Unasemaje?"

Sasa hapo ndipo ningependa kumvuta sikio. Maana alichokijua kuhusu mambo hayo ni hiki: ukurasa mmoja aliosoma siku nyingi akiwa na usingizi, na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, SINDANO ZA SELI, MAGOTI, UPARA, NGUVU ZA NDANI, na namba ya simu chini. Basi. Akisema ndiyo, na jicho zima likaharibika, mjomba wake atakuwa amepofuka kwa neno lake. Akisema hapana, atakuwa amemfungia mlango. Na kusema hajui, mbele ya watu waliomsomesha na kumtangaza mtaa mzima kwamba nyumba hii ina daktari, ulimi wake haukuweza. Akaitafuta ile namba yake tamu ya katikati.

"Kwa hilo," alisema, akitazama kikombe chake cha chai, "mimi sina neno."

Wewe na mimi tunalijua neno hilo. Mtu akisema hana neno huku anatabasamu, amekubali. Akisema kwa uso uliokunjwa, amekataa kwa adabu. Akisema huku anatazama kikombe, kila mtu atachukua anachokitaka.

"Si unasikia?" Mjomba akapiga paja lake. "Hana neno! Mtoto kasoma, ameona hakuna tatizo."

"Nimesikia," alisema mkaza mjomba, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nimesikia vizuri sana."

Wakanywa chai kwa amani. Hakuna aliyegundua kwamba wameondoka na majibu mawili.

Dokta Mdogo mwenyewe hakulala unono. Jumatatu, alipopata upenyo kati ya mgonjwa wa presha na mgonjwa wa kikohozi, alimfuata Dokta Mkubwa.

"Samahani, Dokta. Hizi tiba za seli, za macho hasa, kuna ukweli wowote?"

Dokta Mkubwa alitazama saa. "Utapeli mtupu. Hujaona matangazo kwenye nguzo?"

"Nimeyaona. Lakini huyu ni daktari wa macho wa hospitali kubwa anayesema."

"Basi kama ni ya hospitali kubwa, hayo ni mambo yao wakubwa. Sisi ni presha, sukari, vikohozi, wajawazito. Usijitafutie makuu. Foleni imefika wapi?"

Foleni ilikuwa imefika getini. Dokta Mdogo alirudi chumbani kwake amefura. Mtu yule yule, kwa pumzi moja, alikuwa amesema jambo hilo ni uongo na pia ni kubwa mno kwao. Na mafunzo ndiyo hayo! Unaambiwa wewe ndiye mlango, halafu hakuna anayekuambia ndani ya nyumba kuna nini. Mgonjwa wa kikohozi alimtazama akipiga droo kwa nguvu, akakohoa taratibu kwa heshima.

Mchana akapiga simu hospitali ya macho. Ukapigwa muziki. Ukaisha, ukaanzwa upya, ule ule. Mwishowe sauti ya mwanamke wa mapokezi ikamwitikia.

"Habari za kazi. Naomba kuzungumza na bingwa wa macho kuhusu mgonjwa wake. Mimi ni daktari wa familia."

"Wa familia ya mgonjwa?"

"Ndiyo. Hapana. Yaani, mgonjwa ni mjomba wangu, lakini mimi ni daktari wa familia. Ndiyo fani yangu."

"Nimekuelewa, dada. Ndugu wa wagonjwa wanapiga jioni, saa za kuwaona wagonjwa. Asante kwa kupiga."

Muziki ukarudi. Dokta Mdogo aliitukana ile simu kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya picha ya ukutani ya mama anayenyonyesha. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Akawa anaambiwa apige jioni, na jioni simu haipokelewi.

Basi akaamua kujisomesha. Kila mapumziko ya mchana alijifungia chumbani na simu yake ya mkononi, akaanza kuchambua. Kazi ilikuwa kama kuchagua mchele gizani, maana kila andiko la maana lilizungukwa na matangazo ya upara. Alisoma, akaacha, akarudi. Aliwauliza wenzake, Mrefu akamwambia, "Si umpe rufaa?" na safari hii hakuna aliyecheka. Lakini kidogo kidogo mambo yakajitenga. Sindano za magoti za kwenye nguzo zilikuwa kitu kingine kabisa. Hii ya jicho ilikuwa na watu waliofuatiliwa kwa miaka, walioungua kama Mjomba, kwa chokaa, kwa tindikali. Si wote waliopona. Wengi walipona. Na jicho lililochukuliwa kipande, mara nyingi mno, lilibaki salama. Siku alipomaliza kusoma alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu siku ya kuhitimu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na neno.

Na wakati ulikuwa mzuri, kwa sababu miadi ya Mjomba ilikuwa asubuhi iliyofuata. Aliomba ruhusa kazini, akampitia. Mjomba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lake la safari, lile la mifuko miwili. Mkaza mjomba aliwaaga mlangoni bila kuwatazama usoni. Dokta Mdogo alidhani ni hofu tu. Njiani alimweleza Mjomba kila kitu, kipande kinatoka wapi, kinakua vipi, hatari iko wapi, na Mjomba alimsikiliza kama anasomewa barua ya mapenzi.

Mapokezi, mwanamke wa ile sauti alitafuta jina kwenye kompyuta. Akatafuta tena.

"Baba, wewe uliondolewa kwenye ratiba."

"Na nani?"

"Ngoja nimwite bingwa."

Bingwa wa macho alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini na kalamu nyuma ya sikio. Aliwakaribisha chumbani kwake, akawapa viti, akaonyesha kusikitika kweli.

"Tulipokea simu kutoka nyumbani kwako," alimwambia Mjomba. "Tukaambiwa daktari wa familia amekataa usifanyiwe. Tulipiga tena ile namba yako kuhakikisha, akapokea mama yule yule, akasema ni kweli, daktari wa familia amesema hana neno la kuunga mkono jambo hili. Nasi tukasimamisha. Maabara yetu inakuza za watu wachache kwa mkupuo mmoja. Nafasi yako tulimpa mwingine."

"Lakini mimi mwenyewe hamkuniuliza!" Mjomba alisema.

"Ni kosa letu, baba, sikatai. Ila nikueleze kwa nini tulisimama haraka vile. Sisi tunamheshimu sana daktari wa familia. Mimi ninaliona jicho tu. Yeye anaiona sukari yako, presha yako, dawa unazokunywa, nyumba unayoishi. Akisema hapana, ninajua ameona kitu ambacho mimi sikukiona."

Dokta Mdogo alihisi masikio yanawaka moto. Miaka yote hiyo ya "familia ya nani", simu zote zile zilizorudishwa jioni, na leo amekaa mbele ya bingwa aliyeyasema maneno ambayo yeye mwenyewe alizoea kuyasema kwa mlinzi wa getini. Simu hiyo hiyo ya mapokezi iliyomfanya yeye kuwa ndugu wa mgonjwa tu ndiyo iliyomfanya mkaza mjomba kuwa mjumbe wa daktari wa familia.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Daktari wa familia. Niko masomoni."

Uso wa bingwa ukachangamka. Alinyanyuka kitini akampa mkono, mkono wa daktari kwa daktari.

"Nimefurahi kukuona. Hebu tuzungumze basi. Sababu yako ilikuwa nini?"

Mjomba aligeuza shingo yote, ili amwone kwa jicho lake zima. Alikuwa anangoja jibu kama yule bingwa, na kwa imani zaidi. Hata wakati ule, Mungu amsamehe, alikuwa bado anaamini kwamba sababu ipo.

"Sikuwa na sababu," alisema Dokta Mdogo. "Sikukataa. Wala sikukubali. Nilikuwa sijui."

Mkono wa bingwa ulilegea taratibu ndani ya mkono wake, ukajiondoa.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Mkupuo mwingine utaanza lini? Haijulikani, vifaa vinaagizwa, watampigia. Wakati huo kovu la jicho je? Bingwa hakutaka kudanganya: kovu halikai mahali pamoja, linazidi kwenda ndani, na likienda sana hata hizo seli hazitasaidia. Aliandika namba ya simu ya Mjomba upya, na chini yake akaandika ya Dokta Mdogo, bila kuweka cheo chochote mbele yake.

Nje, kwenye benchi ya zege kando ya geti, Mjomba aliomba simu akampigia tajiri. Hakumlaumu mtu.

"Tajiri, shikamoo. Hapana, bado. Hawajui lini. Ndiyo maana nimekupigia, yule dereva wa muda mpe tu kiti moja kwa moja, ana familia. Hapana, tajiri, umevumilia vya kutosha. Funguo za akiba nitazileta kesho."

Akairudisha simu. Dokta Mdogo alikuwa analia kwa hasira, kwanza kwa Dokta Mkubwa na saa yake, kwa muziki wa simu, kwa mkaza mjomba, kwa feni na dodoso na chumba kizima cha watu wa namba tatu. Kisha orodha ikaisha, akabaki yeye.

"Mama usimgombeze," alisema Mjomba. "Aliogopa. Alisikia alichosikia, na mimi nilisikia changu."

"Nisamehe, Mjomba. Niliona aibu kusema sijui."

Mjomba alipapasa mfuko wa shati lake la safari, ule ambao zamani alikuwa akiwekea leseni.

"Gari likiwa kwenye gia, hata ya kurudi nyuma, mtu anajua linakwenda wapi, anakaa pembeni," alisema. "Wewe uliliweka nyutro, bila gia yoyote, mlimani. Ungeniambia hujui, mpwa wangu, ningemwuliza mwingine."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma. Walisimama waende kituoni. Magari yalikuwa yanakuja kwa kasi kutoka kulia, na Mjomba, aliyezivuka barabara za nchi nzima kwa tairi kumi na nane, alisimama ukingoni hana uhakika. Dokta Mdogo akahamia upande wake wa kulia, upande asiouona, akamshika mkono.

"Tuvuke?" Mjomba akauliza.

"Bado," alisema. "Kuna lori linakuja."

Wakasimama wakalingoja lipite.